Chipu inasomeka kwenye bredibodi, ikilehemiwa inakataa: je, ninunue programa nyingine?

Swali limetoka kwa fundi kijana wa Kisauni anayetengeneza vidhibiti vya pampu za maji, na pia hukarabati bodi za mageti na za mashine za kufulia. Programa ni kifaa kinachotia programu ndani ya chipu kutoka kwenye kompyuta. Anaandika hivi kwa ufupi: "Nina programa ya USBasp ya bei rahisi. Chipu ya ATmega328P ikiwa kwenye bredibodi ya majaribio inasomeka bila shida. Nikiilehemu kwenye bodi yangu, avrdude, programu ya kompyuta inayoendesha programa, inasema chipu haijibu. Mara mojamoja inakubali, kisha inakataa tena. Bodi ina redio ya nRF24L01 inayozungumza na boya la tangi lililoko juu ya paa. Ina rilei ya kuvutia kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya pampu, inayoendeshwa na transista kutoka mguu wa 19 kupitia rezista ya omu 220. Nimeweka pia kapasita ya maikrofaradi 10 kwenye reseti, kwa sababu pampu ikiwaka chipu ilikuwa inajianzisha upya. Wateja nao wananiletea bodi zenye chipu za PIC na STM32. Ninunue programa gani moja itakayomaliza yote?"

Ndugu yangu, usitoe pesa bado. Programa yako ni nzima, na ushahidi umeuleta mwenyewe: chipu ileile, laptopu ileile, waya zilezile, na kwenye bredibodi inasomeka. Kilichobadilika ni vitu vilivyo kando ya chipu. Hata ukinunua programa ya bei mara ishirini, itakutana na redio ileile, transista ileile na kapasita ileile. Kwa hiyo nitaanza na bodi yako, kwa sababu huko ndiko kwenye faida kubwa, halafu nitakuja kwenye ununuzi.

Chipu ya AVR, familia ya ATmega yako, hutiwa programu ikiwa bodini kwa waya nne za kazi. Reseti hushikwa chini, na hapo chipu huacha kuendesha programu yake na kuachilia miguu yake yote. Kisha programa hupiga saa kwenye SCK, hupeleka data kwa MOSI, na chipu hujibu kwa MISO. Kwenye ATmega328P ya miguu 28 hiyo ni miguu ya 19, 17 na 18, na reseti ni mguu wa 1. Miguu hiyohiyo mitatu ndiyo unayoitumia kuzungumza na redio, na mmoja wao umeubebesha rilei. Hilo haliharamishwi, bodi nyingi nzuri hufanya hivyo, lakini lina masharti yake.

Tuanze na mguu wa 19, maana hapo hesabu inajieleza yenyewe. USBasp za muundo wa kawaida huwa na rezista ya omu 270 kwenye kila waya wa ishara, ili kujilinda. Programa ikipandisha SCK hadi volti 5, mkondo unapita kwenye omu 270 zake, unapita kwenye omu 220 zako, unaingia kwenye besi ya transista ambayo hushikilia karibu volti 0.7. Zinabaki volti 4.3 za kugawanywa juu ya omu 490, yaani miliampia 8.8 hivi. Mkondo huo ukipita kwenye omu 270 unakula karibu volti 2.4. Kwa hiyo mguu wa 19 haupati volti 5, unapata kama 2.6. Karatasi ya data ya ATmega328P, kwa umeme wa volti 5, inadhamini kwamba ishara itahesabiwa kuwa ya juu ikifika asilimia 60 ya umeme wa chipu, ambayo ni volti 3. Wewe uko chini ya hapo, lakini si mbali. Ndiyo maana leo inakubali na kesho inakataa. Joto likibadilika kidogo au mlango wa USB ukitoa volti 4.8 badala ya 5, matokeo yanageuka.

Badilisha rezista hiyo iwe omu 1,000. Rudia hesabu: volti 4.3 juu ya omu 1,270 ni miliampia 3.4, na mguu wa 19 unapata volti 4.1. Kwa transista kama 2N2222 au BC337, mkondo huo wa besi unatosha kuvuta rilei ndogo ya kawaida. Hapo kusoma kutatulia.

Lakini kwa bodi zijazo nakuomba uihamishe rilei kabisa kutoka mguu wa 19, kwa sababu nyingine iliyo nzito kuliko kusoma chipu. Kila unapotia programu, mapigo ya SCK yanaingia kwenye transista. Rilei inaweza kuvuta au kutetemeka, na nyuma yake kuna kontakta na pampu. Pampu ya kisima ikiwashwa na kuzimwa ovyo kwa sekunde kadhaa huku mtu ameinama kwenye kisima si jambo la kuchukulia wepesi. Tumia mguu wa 4, wa 6 au wa 11, ambao haumo kwenye njia ya programa. Weka na rezista ya omu 10,000 kutoka besi hadi graundi. Wakati reseti imeshikwa miguu ya chipu huelea, na rezista hiyo ndiyo itakayohakikisha pampu imezimwa muda wote huo. Kwa bodi uliyonayo sasa, chomoa waya wa kontakta kabla ya kuunganisha programa. Kila mara.

Sasa redio. nRF24L01 huweka sauti yake kwenye MISO pale tu mguu wake wa CSN unaposhushwa. Programu yako ikiwa inakimbia, CSN iko juu na redio imenyamaza. Lakini chipu ikishikwa reseti, mguu unaoshika CSN nao umeachiliwa, na CSN inaelea. Ikielea chini, redio inaamini kwamba inaitwa, na inaanza kujibu kila pigo la SCK kwenye waya uleule ambao ATmega inajibia. Ni watu wawili wanaosema kwa pamoja kwenye simu moja, na programa haimsikii hata mmoja. Saini ya ATmega328P, yaani namba inayoitambulisha chipu, ni 1E 95 0F. Ukiona avrdude inaleta saini tofauti kila unapojaribu, mara namba hii mara ile, fikiria MISO yenye wasemaji wawili kabla ya kufikiria chipu mbovu. Ikileta sufuri tupu, fikiria waya uliokatika, umeme uliokosekana au kasi iliyozidi.

Dawa ni rezista mbili. Moja ya omu 10,000 kutoka CSN hadi volti 3.3 za redio, ili redio inyamaze chipu inapokuwa usingizini. Nyingine ya omu 1,000 uiweke mfululizo kwenye waya wa MISO upande wa redio, kabla haujaungana na waya unaokwenda kwenye pini za programa. Hata redio ikikosea na kusema, sauti yake itakuwa dhaifu na ATmega itaishinda. Una bahati kwamba miguu ya ishara ya nRF24L01 huvumilia volti 5. Ungekuwa na kadi ya SD mahali pale, programa ya volti 5 ingeweza kuiua, kwa hiyo siku ukiongeza kadi ya kuhifadhi kumbukumbu za maji usisahau hilo.

Tufike kwenye kapasita ya reseti. Maikrofaradi 10 ni nyingi mno. Programa inapaswa kuishusha reseti, na ikikosa jibu huipandisha kidogo na kuishusha tena ili kuamsha mazungumzo upya. Kapasita kubwa hulainisha mapigo hayo hadi yapotee. Rudi kwenye rezista ya omu 10,000 kwenda kwenye umeme na kapasita ya nanofaradi 100 tu kwenda graundi. Ukija kutumia debugWIRE ya kuchunguza programu ndani ya chipu, hata hiyo ya nanofaradi 100 utaitoa, maana pale mguu wa reseti wenyewe ndio njia ya data.

Najua kwa nini uliiweka, na shida ile ni ya kweli, ila hukuifuata hadi inakotoka. Kontakta ikiachia, koili yake hurusha mshtuko wa umeme unaoingia kwenye bodi. Pampu ikiwaka, volti za bodi hushuka kwa muda. Kwa hayo kuna tiba zake: rezista na kapasita mfululizo sambamba na koili ya kontakta, dayodi juu ya koili ya rilei, kapasita za nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya 7 na 20, na kinga ya kushuka kwa umeme iliyomo ndani ya chipu yenyewe. Chipu mpya hutoka kiwandani kinga hiyo ikiwa imezimwa. Kwa bodi ya volti 5 yenye kristali ya megahezi 16, weka fyuzi ya nyongeza (fyuzi hapa ni mpangilio ndani ya chipu, si waya wa kuungua) iwe 0xFC na chipu itajishika reseti umeme ukishuka chini ya volti 4.3 hivi, badala ya kuchanganyikiwa katikati. Hii itakufaa kuliko kapasita yoyote.

Jambo la kasi halikuhusu leo, lakini litakuhusu siku utakapolehemu chipu mpya. ATmega328P hutoka kiwandani ikikimbia kwa saa ya ndani ya megahezi 8 iliyogawanywa kwa 8, yaani megahezi 1. SCK lazima iwe chini ya robo ya hapo, chini ya kilohezi 250. USBasp kwa kawaida huanza na kilohezi 375, kwa hiyo chipu mpya itaonekana imekufa. Ongeza -B 10 kwenye amri ya avrdude, na kasi itashuka chini ya kilohezi 100. Baadhi ya USBasp zina programu ya zamani ndani yake na hutoa onyo kwamba haziwezi kubadilisha kasi. Hizo zina jampa ya mwendo wa polepole kwenye bodi yake, mara nyingi imeandikwa JP3, uiunganishe kwa mara ya kwanza, kisha ukishaiweka chipu kwenye kristali uiondoe. Nimeona mafundi wakitupa chipu nzima kwa sababu hii moja, na inauma, kwa maana chipu hizo tunazisubiri zije kwa basi kutoka Nairobi.

Kabla hujalehemu upya chochote, pima. Mita ya kawaida inatosha kwa kazi kubwa. Programa ikiwa imeunganishwa, pima volti kati ya miguu ya 7 na 8, hapohapo kwenye chipu, si kwenye pini. Pima mguu wa 1: ukiwa umetulia uwe karibu na volti 5, na ukitoa amri ya kusoma ushuke karibu na sufuri. Zima kila kitu, kisha pima mwendelezo kutoka kila tundu la waya wa programa hadi mguu wa chipu. Pini sita za AVR hupangwa mbilimbili: ya kwanza MISO, ya pili umeme, ya tatu SCK, ya nne MOSI, ya tano reseti, ya sita graundi. Waya bapa ukigeuzwa, umeme na graundi vinaenda pasipo pao. Usiutegemee mstari mwekundu wa waya wa bei rahisi. Thibitisha kwa mita.

Huku kwetu pwani ongeza kipimo kimoja. Hewa ya chumvi hula pini. Soketi ya waya iliyokaa miezi kadhaa kwenye karakana isiyo na dirisha la kufunga hupata utando usioonekana vizuri kwa macho, na mita itakuonyesha omu kumi au ishirini pale panapotakiwa sufuri. Futa kwa pombe ya kusafishia, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, na weka programa zako kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko. Waya uwe mfupi, kiganja kimoja hivi.

Ukitaka kuwa na hakika zaidi kwamba programa si mgonjwa, una ya pili bila kununua. Arduino Uno yoyote hugeuka programa ya AVR ukiitia mfano wa ArduinoISP uliomo ndani ya programu ya Arduino. Ukishautia, weka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya reseti na graundi ya Uno hiyo, upande hasi ukiwa graundi, ili isijianzishe upya kompyuta inapofungua mawasiliano. Hapo ndipo kapasita yako ya maikrofaradi 10 ina kazi halali. Na kama kompyuta ya Windows haiioni USBasp kabisa, hilo ni suala la draiva, linatatuliwa kwa programu ya Zadig. Usilichanganye na chipu.

Nani atoe umeme? Hili huamuliwa kabla ya kuchomeka, na kwa bodi yenye rilei jibu ni bodi yenyewe, kutoka kwenye usambazaji wake uliotengwa vizuri na stima. Ondoa jampa ya umeme kwenye programa, uache graundi na waya za ishara tu. Umeme ukitoka pande mbili, mmoja unasukuma ndani ya mwingine. Na jihadhari na jampa ya 3.3 na 5 kwenye USBasp za bei rahisi: nyingi hubadilisha umeme unaotolewa tu, ilhali ishara hubaki volti 5. Bodi ya volti 3.3 ikiandikwa "sawa" na jampa hiyo inaweza kuwa inapigwa volti 5 kwenye kila mguu.

Laptopu yenye chaja ya pini mbili huvuja umeme mdogo kupitia kapasita za ndani ya chaja. Ndio ule mwasho unaousikia ukigusa chuma chake. Tia programu laptopu ikiwa kwenye betri. Utakuwa umeiokoa chipu kwa njia mbili, maana stima ikipotea katikati ya kazi hutabaki na chipu iliyoandikwa nusu.

Sasa bodi za wateja, na hapa naomba unisikilize kuliko popote pengine. Bodi nyingi za mashine za kufulia, feni na taa hazina transfoma. Umeme wa chipu hupatikana kwa kapasita kubwa iliyounganishwa moja kwa moja kwenye stima, au kwa saketi ndogo isiyotenganishwa. Chipu inaona volti 5, lakini graundi yake inaweza kuwa imesimama juu ya volti 240. Ukichomeka programa hapo, volti hizo zinaingia kwenye USB, kwenye laptopu, na kwenye mkono wako. Usiunganishe programa kwenye bodi ya namna hiyo ikiwa imechomekwa stima, kwa hali yoyote. Chomoa, subiri kapasita zishuke, zipime, kisha lisha upande wa volti 5 kutoka kwenye usambazaji wako wa mezani na utie programu hivyo. Hujui kama bodi imetenganishwa? Pima omu kati ya graundi ya chipu na pini mbili kubwa za plagi, bodi ikiwa imechomolewa. Ukipata njia yoyote ya omu chache, ichukulie kuwa ni ya hatari. Na hata usipoipata, ukiona kapasita nene iliyoandikwa X2 mfululizo na laini ya stima na huoni transfoma, jibu ni lilelile.

Kwa PIC, USBasp haitakusaidia. Itifaki ni nyingine. Nunua programa ya PICkit, na kwa kazi yako ya ukarabati nakushauri ile yenye uwezo wa kutoa volti ya juu kwenye MCLR, mguu wa reseti wa PIC, kwa sababu chipu za zamani kama PIC16F84A na PIC16F877A hutumia kama volti 13 kuingia kwenye hali ya kutiwa programu. PICkit 3, iwe halisi au nakala, bado inatosha kwa bodi nyingi za mageti. MPLAB Snap ni ya bei nafuu na ni nzuri kwa chipu mpya, lakini haitoi volti hiyo ya juu wala haiilishi bodi, kwa hiyo si ya kwanza kwa fundi wa mitaani. PICkit 4 inasoma na AVR pia, kwa sababu Microchip, watengenezaji wa PIC, waliinunua Atmel, kampuni ya AVR, mwaka 2016, na ukiwa na uwezo nayo ndiyo inayokaribia ile moja unayoitafuta. PICkit 3 hutoa hadi miliampia 30 tu kwa bodi. Usiitegemee kulisha bodi yenye rilei.

Masharti ya bodi kwa PIC ni makali kuliko AVR. Kusiwe na kapasita kwenye waya za data na saa, kusiwe na dayodi, na MCLR isiungwe moja kwa moja na umeme: ipitie rezista ya omu 10,000, la sivyo volti 13 zitatafuta njia ya kuingia kwenye laini ya volti 5 na kuua vitu vingine. Kapasita kwenye MCLR huifanya volti hiyo ipande polepole na chipu isiingie. Bodi ya mteja ikiwa nayo, inua mguu wake mmoja, tia programu, urudishe.

Kwa PIC12F629 na PIC12F675, zinazopatikana sana kwenye rimoti na vidhibiti vidogo, soma kwanza kabla ya kufuta. Kiwanda huandika namba ya kusawazisha saa ya ndani mwisho wa kumbukumbu, mahali pa 0x3FF, na ukiifuta saa inapotea mahesabu. PICkit hujitahidi kuihifadhi, lakini iandike kwenye daftari.

STM32 ni rahisi zaidi kwa mfuko: ST-Link V2, nakala ndogo yenye gamba la alumini, inafanya kazi. Waya ni SWDIO, SWCLK na graundi, na umeme ni volti 3.3. Mpangilio wa pini hutofautiana kati ya nakala moja na nyingine, kwa hiyo soma maandishi ya gamba lako, usifuate picha ya mtu. Shida utakayokutana nayo ni programu iliyogeuza miguu ya PA13 na PA14 kuwa ya kawaida. Ukishaiwasha, ST-Link haiingii tena. Suluhisho ni kuunganisha huku reseti imeshikwa, ila kwenye nakala nyingi pini ya RST ni ya chipu za STM8 tu na haisaidii. Hapo ipandishe BOOT0 hadi 3.3, washa bodi, na chipu itaanzia kwenye butiloda yake, programu ndogo ya kiwandani, bila kugusa miguu hiyo. Chipu za WiFi za ESP8266 na ESP32 hazihitaji programa: adapta ya USB kwenda siriali yenye ishara za volti 3.3, na mguu wa GPIO0 ukishikwa chini wakati wa kuwasha. Ila usiilishe ESP kutoka kwenye mguu wa 3.3 wa adapta ya FT232, unaotoa miliampia 50 tu. Redio yake ikiwaka huvuta mamia.

Kuna mteja atakayekuletea bodi mbovu na bodi nzima ya aina ileile na kusema "nakili." Mwambie ukweli mapema. Chipu nyingi za biashara zimefungwa. PIC iliyofungwa hukurudishia sufuri. AVR iliyofungwa haisomeki, na njia pekee ya kuondoa kufuli ni kufuta chipu nzima. STM32 yenye ulinzi wa ngazi ya kwanza hujifuta ukijaribu kuifungua, na ya ngazi ya pili haifunguki milele. Kwa hiyo usibofye "futa" kwenye chipu nzima ya mteja kwa kutaka kujaribu tu. Kinachowezekana mara nyingi ni EEPROM (kumbukumbu) ya nje, ile ya miguu minane ya 24C au 25, inayobeba mipangilio, na kwa hiyo programa ya soketi kama XGecu T48 ina thamani yake. Lakini hiyo ni ya siku utakapokuwa na kazi za namna hiyo kila wiki.

Kwa upande wako, ATmega yako nayo ina EEPROM, na nadhani umeweka humo viwango vya tangi na muda wa kupumzisha pampu. Kila ukitia programu mpya kwa ISP, yaani kwa njia hii ya waya nne chipu ikiwa bodini, chipu hufutwa kwanza na EEPROM pia hufutwa. Fyuzi ya juu ya kiwandani ni 0xD9. Ukiigeuza 0xD1 EEPROM itahifadhiwa na mteja wa Bamburi hatakupigia simu kwamba pampu imesahau kila kitu. Ukigusa fyuzi, soma na uandike za zamani kwanza, na usiguse kamwe ile inayozima mguu wa reseti. Ukiizima, ISP haiingii tena hadi upate programa ya volti 12.

Kwa bodi yako ijayo, pini sita za ISP ziwe pembezoni ambapo waya unafika hata bodi ikiwa ndani ya sanduku. Ukikosa nafasi acha vidoto sita vya shaba vya kubanwa na sindano zenye springi. Najua unapaka vanishi kwa sababu ya chumvi, na ufanye hivyo, bodi isiyopakwa haivuki mwaka vizuri karibu na bahari. Lakini funika pini au vidoto hivyo kwa utepe wa karatasi kabla ya kupaka, kisha uubandue vanishi ikiwa bado mbichi, ili siku mteja akihitaji programu mpya usianze kwa kukwangua.